Nguvu ya gari la Ngomeni imevujia wapi

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Mimi nabeba samaki kutoka Ngomeni hadi soko la Malindi, na mara mbili kwa wiki nateremka mpaka Kilifi. Gari langu ni Toyota Corolla 100 wagoni, injini ya 5A, gia za mkono, nililinunua mwaka 2011. Zamani lilibeba makasha sita ya samaki na barafu na bado likapita lori bila taabu. Sasa makasha manne tu, mwinuko wa daraja la Sabaki naupanda kwa gia ya pili huku nikisali. Mwaka jana niliinua gari kwa spesa na kuweka rimu za 15 na tairi za 185/65, kwa sababu ya barabara mbovu ya kuingia kwetu. Zilizokuwepo zilikuwa 175/70 za rimu 13. Vijana wa gereji wamenipa mashauri manne. Mmoja asema nikate sailensa, wa pili nichonge hedi (kile kichwa cha juu cha injini), wa tatu niweke filta ya wazi ya hewa, na mwanangu ameona kwenye intaneti chipu ya kuchomeka inayoongeza nguvu. Nina shilingi 35,000. Nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu sehemu kubwa ya jawabu umeiandika mwenyewe katikati ya maelezo kisha ukaipita. Nitaifikia sasa hivi. Kwanza niseme jambo moja kuhusu hao washauri wako wanne: wote wanakuambia uongeze nguvu, na hakuna hata mmoja aliyekuuliza ile uliyokuwa nayo imekwenda wapi.

Injini yako, 5A-FE, ina ujazo wa sisi (cc) 1498, silinda nne na valvu 16. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi kama 100. Kwa gari lenye uzito wa tani moja na kitu, hizo zatosha kabisa kubeba samaki wa Ngomeni na kulipita lori la chumvi linalotoka Gongoni. Zilikutosha mwaka 2011. Kama leo hazikutoshi, basi ziko zilizopotea njiani, na kwa shilingi 35,000 utaokota nyingi kati ya hizo zilizopotea. Kwa pesa hizo hizo huwezi kununua mpya hata chache.

Tuanze na tairi. Chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Tairi ya 175/70 ya rimu 13 ina kipenyo cha milimita 575 hivi: rimu ni milimita 330, na ubavu wa tairi ni milimita 122.5 juu na vivyo hivyo chini. Tairi ya 185/65 ya rimu 15 inafika milimita 621. Tofauti ni asilimia 8. Maana yake ni kwamba kila gurudumu likizunguka mara moja gari lako linakwenda mbele asilimia 8 zaidi, na kwa hiyo katika kila gia linasukuma kwa nguvu pungufu kwa asilimia 7 hivi. Ni kama mtu anayekokota mkokoteni, halafu ukamwambia aushike mpini karibu zaidi na ekseli. Misuli ni ile ile, ila mkokoteni umekuwa mzito. Injini yenyewe haikupoteza kitu hapo, nataka tuelewane. Kama ungekuwa na gia ya katikati, kati ya pili na tatu, ungefidia. Huna. Kwa hiyo unapoona gia ya tatu inashindwa Sabaki, sehemu ya lawama ni ya hizo rimu za 15.

Kuna hasara nyingine mbili ambazo hukuniuliza. Spidomita yako inadanganya: ikisoma 80 wewe uko karibu 86. Na breki zako nazo zimepungua nguvu kwa asilimia zile zile 7 hivi, kwa kuwa diski ni ile ile lakini gurudumu linaloshikwa limekuwa kubwa. Gari lililojaa samaki na barafu, likiteremka kuelekea darajani nyuma ya matatu inayosimama popote, halistahili kupunguziwa breki.

Na faida uliyopata ni ipi? Tairi zimekuinua milimita 23 tu, nusu ya tofauti ya vipenyo. Kimo kingine chote unachokiona chini ya gari kimetokana na spesa. Shauri langu ni hili: uza rimu na tairi za 15, urudi kwenye rimu 13, lakini usinunue tena 175/70. Nunua tairi za mizigo za 165R13, zile za magari ya biashara. Kipenyo chake ni milimita 595 hivi, kwa hiyo unabaki na sentimita moja ya kimo juu ya tairi za zamani, na ubavu wake ni mgumu. Tairi ya 175/70 yenye nambari 82 ubavuni inaruhusiwa kubeba kilo 475. Ya mizigo yenye nambari 94 inabeba kilo 670. Wewe ni mbeba samaki, hiyo ndiyo tairi yako. Ukiuza zile za 15 kwa bei nzuri, huenda hutagusa sana zile 35,000. Ujaze upepo ulioandikwa kwa mzigo, upime tairi zikiwa baridi, asubuhi kabla ya kuondoka Ngomeni.

Sasa twende kwenye mambo yasiyogharimu kitu. Mwambie mwanao akae kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa, akanyage mafuta mpaka mwisho. Wewe fungua boneti, chomoa mpira mkubwa wa hewa, utazame kile kipepeo cha shaba kinachofunguka pale hewa inapoingilia. Je, kimefunguka kabisa, kikalala sambamba na njia ya hewa? Nimeyaona magari mengi ya umri huo ambayo waya wa aksileta umelegea, au zulia limerundikana chini ya pedali, na kipepeo kinafunguka robo tatu tu. Dereva anakanyaga mpaka sakafuni na injini haipati hewa yote. Kaza waya kwa spana mbili, basi. Ukiwa hapo hapo, kiangalie kipepeo chenyewe. Kama kimeshika masizi meusi, kisafishe kwa dawa ya kusafishia kabureta na kitambaa.

Baada ya hapo, jeki. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nilijifunza kwa pesa za mtu mwingine. Miaka iliyopita mteja kutoka Watamu aliniletea gari linalolalamika kama lako. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha filta, nikasafisha injekta, nikapanga taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Gari likatoka vile vile. Siku ya nne ndipo nilipoliinua na kuzungusha magurudumu kwa mkono: moja la mbele lilizunguka, la pili likakataa. Pistoni ya kalipa, ile inayobana breki kwenye diski, ilikuwa imeliwa na kutu, breki imeng'ang'ania diski muda wote, na injini ilikuwa ikipigana nayo kutoka Watamu hadi Malindi kila siku. Nilimrudishia mteja pesa za kazi yote ambayo haikuhitajika. Tangu hapo, gari lolote linalokuja kwangu kwa kukosa nguvu hupanda jeki kabla sijagusa boneti.

Kwako wewe jambo hili lina uzito zaidi. Unaishi Ngomeni, chumvi ya bahari upande mmoja na mashamba ya chumvi upande wa pili, na maji ya barafu yenye chumvi ya samaki yanachuruzika chini ya gari lako kila siku. Chuma hakina pa kukimbilia. Weka gia huru, inua gurudumu moja moja, zungusha. Ya mbele yatakuwa mazito kidogo kwa sababu yanazungusha ekseli na sehemu ya giaboksi, lakini mazito ya upande mmoja na mepesi ya upande wa pili ni dalili mbaya. Kisha siku utakayofika Kilifi, simama bila kukanyaga breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Inayotoa joto kuliko wenzake inabana. Fundi wa breki ataifungua kalipa, ataitoa pistoni, ataisafisha na kuiwekea raba mpya. Mwambie apake grisi ya breki kwenye pini zinazoteleza, na asikubali kuirudisha pini yenye kutu.

Tukimaliza magurudumu, tunaingia kwenye injini, na hapo nakuomba kitu kimoja: usinunue spea yoyote kabla ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Kipimo hiki ndicho njia panda ya barua yako yote. Injini ikiwa na moto, betri ikiwa nzima, unatoa plagi zote nne, unazima umeme wa plagi na wa injekta, unakanyaga mafuta mpaka mwisho, kisha unapiga stata huku geji ikiwa kwenye tundu la silinda moja. Unarudia kwa zote nne. Injini ya familia hii yenye afya husoma karibu psi 190. Ikisoma 160 na zote zimefanana, imezeeka kwa heshima na itakutumikia bado. Ikishuka chini ya 140, au silinda moja ikipitwa na wenzake kwa zaidi ya psi 15, kuna kitu kimevunjika au kimechakaa. Hapo mimina kijiko kimoja cha oili kwenye ile silinda dhaifu na upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, valvu hazifungi vizuri au gasketi ya hedi imetoboka.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu majibu mawili yanakupeleka njia mbili tofauti. Kompresheni ikiwa nzuri, soma yafuatayo na utumie pesa zako kwa utulivu. Ikiwa mbovu, usinunue hata plagi. Ruka mpaka chini nitakapozungumzia injini ya pili.

Moto wa plagi ndio wa kwanza. Gari lako lina distribyuta, inayogawa umeme kwa kila plagi, yenye kifuniko na rota ndani, na waya nne za plagi. Fungua kifuniko. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vile vichwa vya ndani, hiyo ni hewa ya bahari ikifanya kazi yake. Tazama pia ufa mwembamba kama unywele, na kaboni ya katikati kama bado ipo. Usiku ambao hakuna mwezi, washa injini, funua boneti gizani. Waya zinazovuja utaziona zikitoa cheche za buluu. Plagi nunua za kawaida za aina iliyoandikwa kwa gari hilo, nne za kweli, kutoka duka ambalo mafundi wenyewe wananunulia. Plagi bandia zimejaa, na nyingi zinawaka vizuri gari likiwa tupu kisha zinamisi likibanwa na mzigo, ndiyo maana mtu hudhani injini imekufa. Hakuna haja ya plagi za bei kubwa za iridiamu. Hizo zinadumu muda mrefu, lakini haziongezi farasi hata mmoja kwenye injini yako.

Taimingi ifuate. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo cha plastiki chenye maandishi ya uchunguzi kwenye kifuniko. Ndani yake tafuta matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1, uyaunganishe kwa kipande cha waya. Kabla ya kuwasha injini, fungua swichi tu na utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa kwa mwendo sawa bila kusita, kompyuta haina malalamiko. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: mawili kisha moja ni 21, sensa ya oksijeni, mawili na mawili ni 22, sensa ya joto la maji, tatu na moja ni 31, sensa ya vakyumu inayopima hewa inayoingia, nne na moja ni 41, sensa ya kipepeo. Uchunguzi huo kampuni iliuweka ndani ya gari bure, na huhitaji mashine ya mtu. Waya ukiwa bado mahali pake, washa injini ipate moto, fundi apige taa ya taimingi kwenye puli: alama isome nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Distribyuta ikiwa imesogezwa mpaka ikasoma 4 au 5, umepoteza nguvu nyingi bila sababu. Akimaliza, autoe waya. Wako wanaousahau.

Atakuwepo atakayekuambia asogeze mbele zaidi, 14 au 15, kwa sababu jamaa yake Nairobi alifanya hivyo na gari likawa jepesi. Hapa pwani mambo ni tofauti. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ya huko ina mgandamizo pungufu kwa karibu moja ya tano. Silinda zake hazijai kama za kwetu. Hapa kwetu, usawa wa bahari, silinda zinajaa tele, na hewa yenyewe ni ya moto, hasa kaskazi inapovuma Januari na Februari. Silinda iliyojaa hewa ya moto ndiyo inayogonga. Ukisikia ile sauti ya kokoto ndani ya kopo unapopanda mlima kwa gia kubwa, pistoni zinapigwa nyundo. Bakia na 10. Na nikutie moyo: kwa sababu hiyo hiyo ya hewa, gari lako hapo Ngomeni lina nguvu ambazo lingezikosa Nairobi, na asubuhi za kusi litavuta vizuri kuliko adhuhuri za kaskazi. Hujakosea ukidhani baadhi ya siku ni nzuri.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho nakuomba ukiulize gereji uliyozoea: je, themostati ipo? Pwani hii mafundi wengi huitoa, wakisema huku kuna joto, haina kazi. Wanakosea, na wamewapotezea watu mafuta na nguvu kwa miaka. Themostati ya injini yako hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Ikitolewa, maji yanazunguka muda wote, na kwenye mwendo wa barabara kuu injini haifiki kwenye joto lake. Kompyuta inaona injini baridi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama asubuhi, plagi zinapata masizi, oili inachafuka, silinda zinalika. Unakunywa petroli nyingi na gari zito. Sindano ya joto ikibaki chini kabisa unapokwenda Kilifi, jua ulishanyang'anywa. Rudisha themostati, na kama gari linachemka ikiwa ndani, basi radieta imeziba au feni haizunguki. Hilo ndilo la kutengeneza.

Petroli nitapita haraka. Badilisha filta ya petroli kama hukumbuki mara ya mwisho, na ukiwa na fundi mwenye geji apime mgandamizo wa pampu: kwa mpira wa vakyumu wa regyuleta uliochomolewa, isome psi 38 hadi 44. Petroli ya bei ya juu yenye oktani kubwa haina nguvu zaidi. Inazuia kugonga tu. Kama injini yako haigongi, unachoma pesa.

Eksozi inahitaji muda zaidi, kwa sababu huko ndiko ushauri wa kwanza uliopewa ulikosa shabaha kidogo tu. Kijana aliyesema ukate sailensa alihisi kitu cha kweli: eksozi iliyoziba huinyonga injini. Sailensa za pwani huoza kwa ndani, mabati yanaanguka na kufunga njia. Bomba la chini nalo huweza kubondeka kwenye jiwe. Katalisti, kile kichujio cha moshi, kikiyeyuka kwa sababu ya kumisi kwa muda mrefu kinageuka kuwa kizibo. Kwa hiyo pima kwanza. Geji ya vakyumu ikiunganishwa kwenye bomba la kuingizia hewa, injini ikinguruma polepole, hapa usawa wa bahari inapaswa kusoma kati ya inchi 17 na 22 na sindano itulie. Kisha paza injini mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na ushikilie hapo. Sindano ikianza kushuka taratibu, moshi unakosa pa kutokea. Sindano ikitetemeka ilipokuwa polepole, mawazo yaende kwenye valvu au plagi.

Ikiwa imeziba, badilisha kilichoziba kwa kipande cha kipenyo kile kile, chenye sailensa. Kuikata na kuacha bomba wazi kwenye injini ya sisi 1498 hakukuongezei nguvu ya kupandia mlima. Kunakuongezea kelele, na sikio la binadamu hudhani kelele ni kasi. Isitoshe Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, na wewe unapita kwenye vizuizi vya polisi kila siku ukiwa na samaki wanaongoja barafu iyeyuke. Saa moja ya kubishana kando ya barabara ni hasara ya kasha zima.

Filta ya wazi: hapana. Ile filta ya kikombe inakaa ndani ya boneti, inavuta hewa iliyopashwa na injini. Kila nyuzi 3 za joto zinapunguza uzito wa hewa kwa asilimia moja hivi. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 32 na ya ndani ya boneti 60, umepoteza zaidi ya asilimia 8 ya hewa kabla haijafika kwenye silinda. Kasha lako la asili lina bomba linalovuta hewa baridi kutoka mbele ya gari. Hakikisha bomba hilo bado lipo, maana wengi huling'oa na kulisahau gereji. Weka filta mpya ya karatasi, ukague mpira mkubwa wa hewa kwenye mikunjo yake. Ukipasuka, mchanga wa Ngomeni unaingia moja kwa moja kwenye ringi, na mchanga ule ni msasa.

Kuchonga hedi kunainua mgandamizo, ni kweli. Injini yako ina uwiano wa 9.8 kwa 1. Ukiupandisha hadi 10.5 faida yake ni asilimia 2 hivi, na gharama yake ni kufungua injini nzima, gasketi mpya, na kukaribisha kule kugonga nilikokueleza. Hedi huchongwa ikiwa imepinda. Ikiwa imenyooka, iacheni.

Chipu ya mwanao usinunue. Gari la Japani la umri wa lako kwa kawaida halina hata tundu ambalo chipu zile zimetengenezewa, na hata magari yenye tundu hayapati kitu isipokuwa taa inayomulika. Mwambie mwanao kwa upole. Amefanya vizuri kutafuta kwa ajili ya babake, na huyo ndiye wa kukushikia taa ya taimingi.

Klachi pia usiisahau. Ukiwa gia ya nne, ukakanyaga mafuta, ukasikia injini inapaa lakini gari haliongezi mwendo, klachi inateleza. Nguvu ipo, haifiki chini.

Sasa, ikiwa kompresheni imekuja mbovu. Kufungua injini na kuweka ringi, valvu na gasketi kwa kazi ya uhakika kutapita bajeti yako, na kazi ya nusu nusu ya juakali hapo itakurudisha gereji kabla ya mwaka. Ningekusanya pesa kidogo zaidi nikatafuta injini iliyotumika kutoka Japani, Mombasa, nikaipima kompresheni mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Ukifika hapo, uliza 7A-FE. Ni ndugu wa injini yako, ina sisi 1762, asilimia 17 na ushei zaidi, na hiyo tofauti utaisikia hasa chini, kwenye mizunguko midogo unapobeba mzigo. Hakikisha umepewa na kompyuta yake na waya zake, kwa sababu kompyuta ya 5A haitajua kuilisha ipasavyo. Nambari ya injini ikibadilika, ibadilishwe pia kwenye logibuku kupitia NTSA, la sivyo utapata tabu siku ya kuuza gari. Turbo sitaizungumzia kwa mtu mwenye 35,000.

Mpangilio wa pesa zako nauona hivi, ikiwa kompresheni ni nzuri: waya wa aksileta na magurudumu bure, kalipa, themostati, plagi, kifuniko na rota ya distribyuta, filta mbili, na saa chache za fundi mwenye taa na geji, halafu tairi, ambazo zile za 15 zitasaidia kuzilipia. Yaliyobaki weka kwa ajili ya eksozi kama geji imeishtaki. Na makasha yawe na tundu la kutolea maji lenye mpira unaomwagia nje ya gari, mbali na breki na ekseli. Lita moja ya maji ni kilo moja, na barafu iliyoyeyuka ndani ya makasha manne haina soko Malindi.

Kabla hujagusa chochote, pima. Chagua kipande kilichonyooka kati ya Mambrui na Gongoni, alfajiri barabara ikiwa tupu. Makasha manne ndani, dirisha zimefungwa, esi (kiyoyozi) imezimwa. Gia ya tatu, anza kilomita 40 kwa saa, kanyaga mpaka mwisho hadi 80, mwanao ahesabu sekunde kwa simu. Soma mwendo kwenye simu, si kwenye spidomita, kwa sababu spidomita itabadilika ukibadilisha tairi. Fanya mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, maana upepo wa pwani hausimami, uandike wastani. Rudia baada ya breki, rudia baada ya taimingi na themostati, rudia baada ya tairi, kila mara na mzigo ule ule. Kisha niandikie zile sekunde pamoja na namba nne za kompresheni, nami nitakuambia kama bado kuna kinachovuja.